Sikio Ndani ya Kofia

Mdogo wangu anaitwa Sikio. Jina alilopewa na mama yetu lipo, lakini hata mimi niliyembeba mgongoni nimeliacha, maana ukimwita kwa lile anageuka kumtafuta mtu mwingine. Habari zake naziandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiona dirishani tu, basi atakayekuta herufi imepinda aipite, ashike maneno.

Kazi yake ni kupiga mchanga. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni mtu wa kupiga lipu nyumba. Siyo. Karakana yao inatengeneza pampu za maji. Chuma kinayeyushwa, kinamiminwa kwenye kalibu, na kikishapoa kinatoka na sura mbaya, kimeungua, kina magamba meusi na uchafu umeganda kila pembe. Ukikipaka rangi hivyo hivyo, mvua mbili tu imebanduka. Basi kinapelekwa kwa Sikio. Anashika mpira mnene wenye pua ya chuma mwishoni, kompresa inanguruma huko nyuma inasukuma hewa, na hewa inatoka imebeba mchanga kwa kasi ya kuchuna ngozi ya mtu. Mchanga unakula kutu, unakula magamba, mpaka chuma kinabaki cha kijivu, kina mkwaruzo mdogo kama ulimi wa paka. Hapo ndipo rangi inapopata pa kushika. Akizidisha, bati jembamba linapinda. Akipunguza, kutu inabaki pembeni inamcheka.

Sasa, ndani ya chumba cha kupigia mchanga huoni hata kidole chako. Wenzake walikuwa wanapiga, wanazima, wanangoja vumbi litue, wanainama kuangalia, wanaanza tena. Yeye, wapi! Alikuwa anasikiliza. Aliniambia kwamba kutu inaitika kwa sauti ya mtu mwenye mafua, na chuma kikishakuwa safi sauti inapanda, inakuwa nyembamba kama mluzi. Alikuwa anapiga mara moja, anazima, anatoka anajipangusa, kazi imekwisha. Msimamizi alileta wageni waje wamtazame. Jina la Sikio lilitokea hapo, na sokoni nilijivuna nalo mimi kuliko mwenyewe.

Shida ni kwamba alisikiliza kichwa wazi. Kofia ilikuwepo, kofia kubwa yenye kioo mbele, inayoshuka mpaka mabegani, na mpira wake mwembamba wa kuleta hewa safi. Ilining'inia msumarini. Yeye alijifunga kitambaa puani, akavaa miwani, basi. "Ndani ya ile ndoo upepo unavuma masikioni, sisikii kitu." Jibu lilikuwa hilo hilo kila mwaka.

Tunakaa ghorofani, vyumba viwili. Nilihamia kwake mkewe alipofariki, ili nyumba isigeuke stoo ya viatu. Jioni nasikia hatua zake ngazini. Zamani zilipanda mfululizo. Kisha zikaanza kukatika katikati. Siku moja nikachungulia, nikamwona ameinama, mkono mmoja ukutani, mwingine anahangaika nao miguuni.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafunga kamba za viatu, Dada."

Nikarudi ndani nikapakua chakula. Jioni ya pili, kamba. Ya tatu, kamba. Viatu vyake vya kazi ni mabuti ya mpira. Kamba hayana. Nilijua, na hakujua kwamba najua, tukala.

Kikohozi kilipoanza kumwamsha usingizini nilimpeleka kwa daktari, nikimtanguliza mbele asije akakata kona. Daktari alimpiga picha ya kifua, akatuita wote wawili. Akasema vumbi la mchanga limemwachia makovu kwenye mapafu. Yaliyopo hayatoki, dawa ya kuyafuta hakuna. "Tunachoweza ni kuzuia mengine," akasema. "Mchanga wa mtoni usitumike tena, na mzee avae kofia yenye hewa. Kama hataki kofia, aache kazi."

Msimamizi, nampa haki yake, aliposikia aliuondoa ule mchanga, akaleta chembe za chuma ambazo hukusanywa na kutumika tena. Lakini vumbi la magamba na kutu lilikuwa pale pale, na kofia nayo ilikuwa pale pale msumarini.

Nilisema mpaka mdomo ukauma. Nilipoona naupigia ukuta kelele, nikanyamaza kabisa. Akiuliza chai iko wapi, namwonyesha kwa kidole. Akiniaga, natikisa kichwa. Mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Dada, umekuwa bubu?"

"Wewe si msikilizaji wa vyuma? Nenda kaongee na vyuma. Vikupikie na vikufulie."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini. Kesho yake akavaa kofia.

Jioni alirudi nayo kwapani. Akaiweka juu ya meza yangu ya chakula, akaitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemuuma. Alikuwa amepewa kifuniko cha bati jembamba, kazi ya wanaoanza kazi. Sauti haikumfikia, akaendelea kupiga pale pale, na bati likajikunja kama karatasi iliyonyeshewa. Fundi rangi alikiinua juu kila mtu akione, akauliza, "Jamani, Sikio limeziba nta?"

"Nimeaibika, Dada," akasema. Chakula hakukigusa.

Asubuhi nikaamka, yeye ameshaondoka. Kofia ipo mezani.

Basi nikaichukua. Ni nzito, na haina mahali pazuri pa kushika, kwa hiyo mtaa wa kwanza niliikumbatia na mtaa wa pili nikaivaa. Vijana wa kwenye duka la vipuri wakapiga makofi. "Bibi! Pikipiki umeiacha wapi?" Nikawajibu imeharibika, nakwenda kuitia adabu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kupanda hata pikipiki ya kweli.

Nilimkuta mlangoni mwa chumba chake, kitambaa puani, mpira mkononi. Kompresa ilikuwa imewashwa, hata ningepiga ukunga nisingesikika. Ndani, juu ya meza ya chuma, kulikuwa na gamba la pampu, ganda lake la nje, limewekwa tayari. Nikampita. Nikaingia, nikaliketia lile gamba, nikajifunga kanga vizuri.

Wakazima kompresa. Karakana nzima ikaja.

"Dada, inuka. Unanitia aibu."

"Nipige na mimi. Nina kutu ya miaka mingi kuliko hiki chuma."

Fundi rangi akaangua kicheko. "Mzee, kwa huyo mchanga hautoshi!"

"Na wewe funga mdomo, rangi isikuingie," nikamwambia. Akaufunga.

Sikio akavua kitambaa. Alama yake ilikuwa imebaki usoni, juu kijivu, chini ngozi. Akaja karibu yangu akasema polepole, wenzake wasisikie. "Nikivaa hiyo mimi siyo mtu tena. Nitakuwa kama wao. Piga, zima, chungulia. Piga, zima, chungulia."

Nikamwinamia. Na mimi nikasema polepole. "Utakuwa mtu anayepanda ngazi bila kufunga kamba za mabuti ya mpira."

Alinitazama. Akatazama miguu yake. Nilidhani atakasirika, maana sisi watoto wa mama yule hatupendi kuonwa.

"Siku zote ulijua?"

"Mabuti nayaosha mimi."

Akanyoosha mkono. Nikampa kofia.

Sikuondoka. Nilisimama nje, nikasikiliza kwa niaba yake. Alipiga kidogo, akazima. Mlango ukafunguliwa, vumbi likatua, akainama na tochi kuangalia pembe moja moja kama mwanagenzi. Akafunga, akapiga tena. Gamba ambalo zamani angelimaliza kwa pumzi moja lilikula asubuhi yote. Lilitoka safi. Hakuna mgeni aliyeletwa kulitazama. Msimamizi alilipitishia kidole cha glovu, akasema "Sawa," akaenda zake, na mdogo wangu akaingiza la pili.

Siku hizi ni hivyo hivyo, piga, zima, chungulia. Bado wanamwita Sikio, ingawa akiwa ndani ya kofia uite mpaka ukauke koo, haitiki.

Kifua hakikupona, daktari hakudanganya. Kile kilichoingia kimeingia. Ila picha ya mwisho ilikuwa kama ile ya kwanza, makovu hayajaongezeka. Jioni hatua bado zinakatika katikati ya ngazi. Natoka, nasimama juu. Ameegemea ukuta, mikono imetulia.

"Nimechoka, Dada. Ngoja nipumue."

Nangoja.