Shamba la Kwenye Simu

Usiniambie gemu ni mchezo tu. Mimi gemu ilininyang'anya sauti ya mama yangu.

Simu niliinunua Nyakanazi, nikisubiri basi la kurudi Ngara. Ndani yake kulikuwa na gemu ya shamba: unapanda, unapalilia, unavuna. Tulichekana kweli, wanawake tunaotoka kupalilia maharage Kanazi, kucha bado zina udongo, tunakaa kupalilia tena kwa kidole. Lakini tulinogewa. Gemu haikukubali kuchezwa mpaka ufungue akaunti ya kampuni, nikafungua. Ikasema nikihifadhi picha na sauti zangu kwao nitapewa mbegu za ziada. Nikahifadhi zote, pamoja na rekodi za mama akiimba nyimbo za harusi kwa Kihangaza, alizoniimbia mwaka wake wa mwisho. Kisha nikazifuta kwenye simu ili gemu ipate nafasi. Nilizifuta mwenyewe, kwa ajili ya mbegu zisizoota popote.

Kosa la pili silijutii. Kwetu pombe ya ndizi mtu hainywi peke yake. Chungu huwekwa katikati, kila mmoja na mrija wake. Basi neno la siri nikampa wifi yangu, nikampa shangazi, nikawapa na majirani wawili. Huyu akienda sokoni, yule anamwagilia. Shamba likastawi mno. Asubuhi moja tukakuta akaunti imefungwa, eti imeingiliwa na watu wengi.

Nilirudi Nyakanazi, kwenye duka nililonunua simu.

"Shikamoo, mama," alinisalimu dada wa dukani. Nikaitikia, nikamweleza.

"Inafunguka," alisema. "Bonyeza hapa, useme hao wengine waliingia bila ruhusa yako. Halafu kila mmoja afungue ya kwake."

"Mimi sitaki gemu tena. Nataka sauti ya mama yangu tu."

"Vyote viko pamoja, mama. Gemu ni ya kukukaribisha tu. Ukishazoea unachukua na saa yetu, na televisheni yetu, vyote vinaelewana."

Kioo kiliuliza: je, watu hawa waliingia bila idhini yako? Ndiyo. Hapana.

"Bonyeza tu Ndiyo," alininong'oneza. "Nani atajua?"

Nililia pale dukani, sioni aibu kusema. Niliitaka ile sauti kuliko kitu chochote. Lakini shangazi ndiye aliyemwogesha mama alipokuwa hawezi kuinuka, na wifi ndiye aliyemlisha uji. Niwaite wezi, kwa kampuni isiyojua hata njia ya kufika kwetu Nyamiaga? Nikabonyeza Hapana. Akaunti ikafungwa moja kwa moja.

Nilipowasimulia, shangazi alinigombeza. "Ungebonyeza! Sisi tungepungukiwa nini?" Kisha akaanza kuimba wimbo wa mama kwa sauti yake iliyokwaruza. Wifi akaitikia.

Sasa tunaimba kila Jumapili tukitoka kanisani. Kampuni bado haijachoka kunitumia ujumbe: shamba lako linakukumbuka, fungua akaunti mpya uje uvune. Waje wavune wenyewe. Naigeuza simu kifudifudi, namwambia shangazi amekosea tena ubeti wa pili, mama hakuuimba hivyo, na tunauanza upya.