Ng'ombe wa Watu, Kipato Chetu

Simpendi yule karani wa takwimu. Naliandika hilo kwanza ili nisije nikajifanya mwema huko mbele.

Alikuja kwetu Buger mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa darasa la tano, zizi letu tupu, na mama ndiye aliyemjibu. Mara ya pili ni mwaka huu, nipo kidato cha tatu. Kaya zile zile, maswali yale yale, ili waone kama kipato cha kata kinapanda au kinashuka. Alieleza vizuri, lazima niseme: wanazipanga kaya zote kuanzia yenye kipato kidogo hadi yenye kikubwa, halafu wanaitazama ile iliyosimama katikati. Hivyo tajiri mmoja mwenye malori hawezi kuwapandisha watu wote. Lakini mimi nilikaa kusikiliza kwa sababu moja tu. Mradi wao ungewalipia bweni watoto wa kaya zilizo chini ya hiyo ya katikati.

Bweni nalitaka kuliko kitu chochote. Natoka nyumbani giza bado nene, napita kando ya msitu, na mahindi yakikomaa tembo wanakuwa njiani kabla yangu. Mwalimu wa zamu hapokei habari za tembo. Anachapa.

Basi karani alikuja na mwenyekiti wa kitongoji, mtu ambaye akicheka ujue kuna anayechekwa. Baba akawawekea viti uani, mbele ya zizi. Zizini kulikuwa na ng'ombe saba, wamenenepa, wanang'aa.

Si wetu. Kwetu Wairaqw mwenye ng'ombe wengi hawarundiki wote kwake. Anawagawa kwa watu wamtunzie, na hatangazi kawaweka wapi. Hawa ni wa mtu mmoja wa Mang'ola, kule bondeni, mkulima wa vitunguu, ambaye hataki ndugu zake wajue ana mali kiasi gani. Sisi tunalisha, maziwa tunakunywa, samadi tunapeleka shambani. Ndama ni wake. Dume akiuzwa mnadani, baba anapeleka pesa yote Mang'ola, anarudi na nauli.

"Ng'ombe wangapi, mzee?" karani aliuliza, kidole juu ya kishikwambi.

"Saba."

"Wako?"

Baba alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anatafuna njiti ya kiberiti.

"Muulize vizuri huyo, dada," mwenyekiti akasema. "Mzee wetu siku hizi bwana mkubwa. Juzi mnadani kauza madume mawili, nilikuwepo. Hata soda hakutununulia."

"Wangu," baba akasema.

"Na hayo madume?"

"Nimeuza mimi. Pesa nimepokea mimi."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu, na ndilo lililoniuma zaidi. Karani akaandika, akatuangalia kwa furaha kama vile ametulisha yeye. "Hongereni sana. Kaya hii imepanda kweli kweli tangu nilipokuja."

Tumepanda wapi? Paa lile lile, shamba lile lile la maharage na mahindi, mama na viatu vyake vile vile vya plastiki. Kilichopanda ni ng'ombe wa mtu, tena walipandishwa mlima kwa fimbo ya baba. Na huyo wa Mang'ola, kama naye kaulizwa, bila shaka kaonyesha zizi tupu.

Mimi mbele ya wageni siongei. Darasani nikiitwa kujibu, nainamia daftari. Siku hiyo nilisikia tu mtu anasema, "Dada, wale si wetu," na mtu mwenyewe ni mimi.

"Wewe, njoo ndani," mama aliita kutoka jikoni.

Sikwenda. Nikasema yote, ya Mang'ola, ya madume, ya nauli, ya maziwa tunayokunywa. Karani akafuta, akaandika upya. Mwenyekiti akatoa njiti mdomoni.

"Kumbe mzee ni kibarua," akasema. "Na mimi nilishaanza kukuamkia."

Baba hakunigusa. Aliinuka akaenda kuwafungulia ng'ombe, ingawa walikuwa wametoka kunywa maji.

Habari mikononi mwa mwenyekiti hailali. Wiki haijaisha, mwenye ng'ombe akafika na Fuso. Hakukaa, chai hakunywa. "Nimekupa mali uifiche, wewe unawasomea watu wa takwimu," akamwambia baba. Ng'ombe wakapakiwa wote saba. Baba mwenyewe ndiye aliyewasukuma kupanda.

Majina ya bweni yalipotoka, langu lilikuwemo. Nilifurahi, sifichi. Nalala mpaka kengele.

Likizo fupi nikarudi nyumbani. Kibuyu cha maziwa kimetundikwa, kimekauka. Mama akanimiminia chai ya rangi bila kunitazama usoni. "Kunywa. Ndiyo kipato chenyewe hicho."

Sijaomba msamaha. Angesema baba, nisingesema mimi. Yule karani naye ameahidi kurudi miaka ijayo. Atakuta zizi tupu, hata maziwa hakuna, na hapo ndipo ataandika ukweli, kwamba safari hii tumeshuka.

Jioni baba aliingia, fimbo bado anatembea nayo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, karani," akajibu, akapita.