Pumzi Juu ya Kata

Lidwina husali akichambua mchicha. Husali akifua, akisonga ugali, akipandisha kilima cha Mshangano na beseni la mboga kichwani. Sala yenyewe ni fupi: akivuta pumzi anasema moyoni "Bwana", akiitoa anasema "nipo". Alifundishwa na sista mmoja kule Peramiho, wakati alipolazwa ini likiwa limeharibiwa na pombe.

"Kiu ikija usipigane nayo," sista alimwambia. "Kaa kimya, fuata pumzi yako mpaka ipite."

Ilimsaidia. Mambo yaligeuka alipokufa mumewe, Makarius. Miaka yote walikuwa wakinywa pamoja. Mke akaacha, mume akaendelea. Baada ya maziko, Lidwina akaanza kusikia pumzi mbili. Yake ikitoka, nyingine ilikuwa ikivutwa, nzito, yenye mkwaruzo, karibu na sikio la kushoto. Alijaribu kubana pumzi. Ile nyingine ikaendelea. Ilinuka komoni, pombe ya kienyeji waliyozoea kunywa.

Alimweleza mtu mmoja tu, wifi yake Emerensiana, dada wa marehemu.

"Ni yeye huyo," Emerensiana alisema, huku akiendelea kupepeta maharage. "Ana kiu. Subiri tuanue tanga, tumpe chake, ataondoka."

Siku ya kuanua tanga ukoo ulijaa uani, jua likiwa utosini. Chungu cha komoni kiliwekwa katikati. Katika ukoo ule hakuna anayekunywa kabla ya mwenye pombe kuonja; wanaita kutoa uchawi. Pombe ya tanga huonjwa na mjane. Akionja, mikono yake ni safi. Asipoonja, watu watasema ndiye aliyemmaliza mumewe.

Lidwina alikuwa amelisahau hilo, au alijisahaulisha. Alijijua vizuri: hajawahi kunywa funda moja likaishia hapo.

Fransisko, mdogo wa marehemu, alichota kata ikajaa mpaka ukingoni.

"Shemeji, zamani tulikuwa tunakunyang'anya kata, leo tunakubembeleza!"

Watu wakacheka.

"Nimeacha, shemeji. Unajua."

"Tunajua. Ulimi tu, utoe uchawi."

"Mwacheni," alisema shangazi wa marehemu kutoka mkekani. "Asiyetaka kuonja ana sababu yake."



Lidwina aliipokea kata kwa mikono miwili. Emerensiana akasogea akaishikilia kwa chini. Harufu ilimpanda mpaka machoni, mate yakamjaa mdomoni. Akafumba macho. Bwana. Nipo. Bwana. Ndipo ile pumzi ikaja, safari hii mbele ya uso wake, juu ya kata. Akabana yake. Akasikia koo likimeza.

Alipofumbua macho, watoto walikuwa wamesogea kuchungulia. Emerensiana alikuwa ameikodolea kata. Pombe iliyokuwa ukingoni ilikuwa imeshuka upana wa vidole viwili, na povu likiteleza polepole kwenye ukuta wa ndani. Chini, udongo ulikuwa mkavu.

"Ameonja," shangazi alisema. Hakutaja nani.

 Fransisko aliichukua kata, akaitazama, akaimwaga chini, akachota nyingine. Watu wakaanza kunywa, wakiongea kwa sauti ya chini.

Lidwina alimvuta wifi yake nyuma ya jiko. 

"Wifi, ninuse mdomo. Niambie kweli. Ni mimi niliyemeza?"

Emerensiana alimshika mashavu, akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Njaa," alisema hatimaye. "Unanuka njaa, wifi. Hujala tangu asubuhi."

Aliingia jikoni, akampakulia ugali na maharage. Lidwina alikula amesimama, mgongo ukiwa ukutani. Baada ya kila tonge alitulia kidogo, akisikiliza kama pumzi ni moja au mbili.