Mwalimu Yoeli kwenye Benchi la Nyuma

Usiku ule nilijitupa kitandani na nguo za kanisani, kitenge cha kwaya kikiwa bado kiunoni, maana nguvu za kuvua sikuwa nazo. Jumapili ile ilikuwa imenimaliza. Namsifu, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, alikuwa amefariki, na mchungaji wetu alitangaza mbele ya usharika mzima kwamba kanisa halitamzika. Hakuna kengele, hakuna joho, hakuna kwaya. Namsifu alitengwa na meza ya Bwana zamani, alipokwenda kuwa mke wa pili wa mtu, na kwa desturi yetu aliyetengwa harudi kundini mpaka asimame mwenyewe mbele ya madhabahu, watu wakimwona. Alipougua aliomba arudi. Mchungaji akasema sawa, aje asimame. Amwambie hivyo mtu ambaye hata kugeuka kitandani alikuwa akishikwa huku na huku!

Mchungaji mwenyewe ni kijana, umri wa mwanangu Ombeni. Sina neno na ujana. Lakini kijana aliyekabidhiwa kanuni juzi huwachosha watu wazima kuliko kupanda mlima na mzigo wa kuni.

Baada ya ibada kina mama wa kwaya walinizunguka nyuma ya kanisa. Mimi ndiye ninayewafundisha nyimbo, na neno langu wanalisikia.

"Mama Ombeni, wewe sema tu," waliniambia. "Jumanne tunaimba kaburini, atake asitake. Na Jumapili akiingia kanisani, hakuna kusimama."

Kwetu mchungaji akiingia watu wote husimama, hata mwenye mtoto mgongoni, hata mwenye fimbo. Kubaki umekaa ni kumvua joho hadharani. Niliwaambia nitawajibu kesho. Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa nimeshakubali, ila nilikuwa nimechoka hata kusema ndiyo.

Sijui usingizi ulinichukua vipi. Ninachojua ni kwamba jua lilikuwa linawaka, na mimi nilikuwa nimekaa katika darasa la kipaimara, kwenye benchi fupi, magoti yakinifika kifuani. Nilikuwa mimi huyu huyu, na mvi zangu na miguu yangu iliyovimba, na hakuna aliyeshangaa. Mbele alisimama Mwalimu Yoeli, aliyetufundisha mimi na Namsifu amri za Mungu, ambaye tulimzika zamani, wakati Ombeni akiwa bado ananyonya. Alivaa lile koti lake la kijivu ambalo tulikuwa tukisema alizaliwa nalo.

"Eliwaza," aliniita. Tangu mama yangu afariki hakuna mwingine aliyeniita hivyo isipokuwa Namsifu. "Amri ya kuwaheshimu baba na mama."

Nikasimama, magoti yakalia. Nikaisema yote bila kukosea. Nikaongeza kama tulivyofundishwa, kwamba katika baba na mama wamo pia walimu, wachungaji na serikali, kwa kuwa hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu.

"Maana yake nini?"

Hilo lilikuwa swali lake siku zote, ukishamaliza kukariri na kujiona umefaulu. Ninatamani kusema kwamba maana yake wakubwa wakosee na wadogo wanyamaze. Sisemi, lakini nadhani amesikia, maana anatabasamu kidogo, kama alivyokuwa akimtabasamia mtoto aliyejibu ovyo kwa sauti kubwa.

Ukuta wa darasa haupo tena. Tuko nyumbani kwa Namsifu, kati ya migomba, penye kaburi. Mvua imenyesha na udongo mwekundu unang'ang'ania viatu. Kwaya yangu imepanga mistari na vitenge vyake, na watu wote wamempa mchungaji mgongo. Yeye amesimama ukingoni peke yake. Joho ni refu kumzidi, upindo wake umelala kwenye tope, na hakuna anayemwambia. Ninamtazama na ninaona raha. Sitaki kudanganya, niliona raha hasa.

Mwalimu Yoeli anaondoka ubavuni mwangu. Anakwenda polepole, mkono kiunoni, anapiga magoti kwenye tope, anauinua ule upindo, anaukamua na kuushikilia juu. Mchungaji hamwoni. Hasira zikanipanda, nikamfuata.

"Mwalimu, unamshikia joho huyu? Huyu aliyemkataa Namsifu?"

"Joho si lake," alisema. "Atalivua, atalivaa mwingine."

"Amekosea."

"Amekosea," akaitikia, bila kuninyanyulia macho. "Nani amemwambia?"

Sokoni wanajua amekosea. Kwenye bomba la maji wanajua, na jikoni kwangu tumelisema mpaka chai ikapoa. Lakini kwenda nyumbani kwake kubisha hodi na kumwambia, hakuna aliyekwenda. Mimi pia sikwenda. Nikasikia aibu ikinipanda shingoni, aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kujificha.

Sasa tuko ndani ya kanisa, na ni asubuhi. Mwalimu Yoeli ameketi kwenye benchi la nyuma kabisa, lile la waliotengwa, na hapo ndipo nikakumbuka. Tulipokuwa wasichana alikaa pale mwaka mzima, yeye mwalimu wa wote. Binti wa kaka yake alipata mimba nje ya ndoa, mchungaji wa wakati ule akamwagiza amfukuze nyumbani, naye hakumfukuza. Akatengwa. Tulimwona pale kila ibada na koti lake la kijivu, nasi tulikuwa wadogo, hatukuthubutu kumuuliza.

Kando yake amekaa Namsifu. Mashavu yake yamerudi. Ananitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kitenge cha kwaya unakilalia, Eliwaza?" anasema. "Ndiyo maana nyimbo zenu zimejaa makunyanzi."

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia asiwe na shaka, Jumanne tutaimba mpaka mchungaji azibe masikio. Namsifu akaacha kutabasamu.

"Mimi usiniimbie kwa hasira. Nimechoka."

Akauegemeza mgongo ukutani kama mtu aliyetoka shamba. Nikamgeukia Mwalimu Yoeli, nikamuuliza lile ambalo utotoni tuliliogopa. Aliwezaje kukaa pale?

"Kumfukuza mtoto sikuweza, na hilo nilimwambia mchungaji usoni," alisema. "Kunitenga aliweza, na hilo nililipokea. Kila Jumatatu nilikwenda kwake kumwambia amekosea. Kila Jumapili alipoingia, nilisimama."

Mlango wa mbele unafunguliwa. Kuna mtu anaingia, lakini jua liko nyuma yake na simwoni ni nani. Mwalimu Yoeli anasimama. Na Namsifu, aliyekufa akidaiwa kusimama, anashika benchi la mbele yake na kuinuka taratibu mpaka amenyooka. Mimi bado nimekaa. Nataka kuinuka, miguu ni mizito kama si yangu. Ninajikokota, ninajikokota, na katika kujikokota huko nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilinawa uso, nikakikaza kitenge, nikatoka. Mke wa Ombeni alikuwa anafagia uani.

"Shikamoo, Mama. Mbona asubuhi hii? Hata chai hujanywa."

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kwa mchungaji."

"Kina mama wamekutuma?"

"Hawajui. Nakwenda kumwambia amekosea kuhusu Namsifu. Nitamwita Baba Mchungaji, nitaongea taratibu, lakini nitamwambia yote."

Akasimamisha ufagio. Yeye pia yumo kwenye kwaya, na Namsifu ndiye aliyemfundisha kubeba mtoto mgongoni.

"Na akikataa?"

Swali hilo nilikuwa nimeliogopa tangu nilipofumbua macho.

"Akikataa, tutamzika bila wimbo," nilisema, na machozi yakanitoka, kwa maana nilijua nitawatuliza kina mama na tutafanya hivyo kweli. "Jumapili akiingia, nitasimama. Na Jumatatu nitarudi kwake tena."