Pua ya Mama Pua

Jina lake la kuzaliwa mtaa mzima ulishalisahau. Walimwita Mama Pua, naye wala hakununa. Miaka thelathini alichemsha majani ya mkaratusi uani kwake: mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, mafuta yanaelea juu ya maji. Matone ya kwanza hunuka moshi, hayafai. Mama Pua alinusa tu, akasema "bado," au "haya, leta chupa." Hakukosea hata siku moja, na kujisifu alijisifu, msimlaumu.

Wateja aliwapa somo bila kuombwa. "Kwa mafua, matone matatu kwenye maji ya moto, ujifunike. Kwa magoti, changanya na mafuta ya nazi, usije ukajiunguza. Kunywa, marufuku! Na kifuniko ukifunge, maana haya hayana shukrani, yakipata upenyo yanakwenda zake."

Kisha mumewe akafa, yeye aliyekuwa akikata majani, na wiki ileile mafua makali yakamlaza mjane kitandani. Alipoinuka, lo! Hata kitunguu kikiungua jikoni hasikii harufu. Hakumwambia mtu. Mke wa mwanawe alikuwa akimsaidia kazi, basi akawa anamwita, "Hebu nusa, mwanangu, nione kama umejifunza," kisha anamtazama usoni. Mafuta yakiwa tayari, jicho la kushoto la mkwe lilijifinya lenyewe, na mwenyewe hajui. "Leta chupa," husema Mama Pua. Miezi minne ikapita hivyo.

Kazi haikumuuma sana. Kilichomuuma ni shati la marehemu la kukatia majani, ambalo hakulifua. Alilitia kwenye kopo la biskuti ili awe analinusa akimkumbuka, na hakujaliwa kulinusa hata mara moja. Siku moja uzalendo ukamshinda.

"Mwanangu, pua yangu imekufa. Sisikii chochote."

"Masikini! Tangu lini, mama?"

"Tangu msiba. Pole utanipa baadaye. Ninusie hili shati, uniambie kama bado yumo."

Kifuniko cha kopo kilikuwa kimelegea, kikatoka bila kuvutwa. Mkwe akaliweka shati usoni, akavuta pumzi ndefu. Mama Pua akalikazia macho lile jicho la kushoto. Halikujifinya.

"Yumo, mama," mkwe akasema. "Yumo tele."

Mama Pua alilipokea shati, akalikunja taratibu, mkono juu ya mkono, akalirudisha koponi.

"Ahsante, mwanangu. Basi kaza kifuniko, asije akaenda zake."