Viti vya Kisondela

Sababu ya safari hii ilikuwa viti. Kaka yangu Enoki, mwenye duka kando ya barabara kuu pale Kyimo, alikuwa amepokea barua ya posa ya binti yake Lusia kutoka kwa familia moja ya maseremala wa Kisondela. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanipa mimi dada yake mkubwa.

"Nenda, dada," alisema. "Usiwaulize mambo mengi. Kaone tu wanakalia nini, kisha uje uniambie ndiyo au hapana."

Lusia alikuwa amesema mbele yetu sote kwamba neno la shangazi atalikubali, liwe chungu liwe tamu. Tangu aliposema hivyo hakula vizuri. Kwa hiyo nilijua vyema kwamba nilichokuwa nimekibeba kilikuwa kizito kuliko kikapu changu.

Niseme kwanza sisi ni nani. Kwa asili ni Wakinga. Babu yetu alivuka Milima ya Livingstone kutoka Makete na mzigo wa majembe kichwani, akawauzia Wanyakyusa kijiji hadi kijiji, na usiku alilala juu ya mzigo wake, kwa sababu huku hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumlindia. Baba yetu alianza na meza ya chumvi na viberiti. Biashara ilipofunguliwa, miaka ile watu waliyoiita ya ruhusa, wengine walikuwa bado wanajiuliza kama ni kweli, sisi tayari tumeshajaza ghala. Foleni za sabuni zilikwisha, na sabuni yenyewe ikawa imejaa kwenye rafu zetu. Tuliezeka mabati mapya. Tulinunua Mbeya makochi na viti sita vya mninga, na kila kimoja nikakivisha kitambaa nilichokifuma kwa mikono yangu. Najivunia hayo na sioni haya kuyasema. Vizazi vitatu tupo pale na bado kuna watu wanaotuita wakuja, lakini wanatuita hivyo wakiwa upande wa pili wa kaunta, wakisubiri tuwapimie sukari.

Familia ya kijana, ambaye jina lake ni Lugano, nao ni wakuja kama sisi. Wao ni Wandali kwa asili. Babu yao aliteremka kutoka milima ya Bundali, upande wa Ileje, kuja kuchuma chai. Nyumbani kwetu tulipenda kusema kwamba sisi tulikuja na mzigo na wao walikuja mikono mitupu, na mpaka leo inaonekana. Niliondoka na jibu langu karibu limeiva. Nilichokuwa nakifuata kilikuwa ushahidi tu.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, Kyimo. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika ukungu hadi mabegani na manyunyu yalikuwa yameanza. Nilivaa kitenge kipya na raba za kukabiliana na tope, nikafunga funguo za ghala kiunoni kama kawaida yangu, maana kaka ana mkono wa kupoteza vitu. Lusia alinisindikiza hadi barabarani na kikapu. Hakuniomba lolote. Alisema tu, "Shangazi, tembea taratibu, kule kunateleza." Nikapanda mbele kwenye gari la mizigo linalotuletea chumvi.

Saa mbili, Tukuyu. Mji ulikuwa umeamka kwa kelele. Mitumba ilimwagwa juu ya maturubai, akina mama wakichambua magauni huku wamepakata watoto, na kila duka la kaseti lilitaka kulizidi jirani yake. Nakumbuka mji huohuo ulipokuwa na maduka yenye rafu tupu na muuzaji anayesinzia, na nilipita katikati yake kifua mbele kama vile nimeufungua mimi. Niliingia kwa Mzee Sefu, Mwislamu mmoja aliyefanya biashara na baba yetu, kununua zawadi. Nilichukua sukari kilo nne na sabuni za mche. Nilishika na majani ya chai, nikayarudisha nikicheka. Kuwapelekea chai wachuma chai!

"Unakwenda Kisondela kwa kina Lugano?" aliuliza Mzee Sefu. "Nisalimie Bibi. Kiti hiki ninachokalia alikitengeneza mwanawe marehemu, baba yake huyo kijana. Mwaka wa kumi na mbili huu hakijalegea."

"Haya, Mzee Sefu. Nitaangalia kama na nyumbani kwake aliacha vingine," nikamjibu.

Saa nne, njia ya Kisondela. Lori tupu lililokuwa linafuata ndizi lilinibeba kipande cha njia, kisha nikashuka na kutembea. Nchi yetu hii Mungu aliimwagia bila kupima. Migomba inaanzia kwenye mlango wa mtu na kuishia kwenye mlango wa jirani, maparachichi yanaoza chini ya miti kwa wingi wake, na mashamba ya chai yamenyooka utadhani yamekatwa kwa mkasi. Niliteleza mara mbili. Mara ya pili nilikaa chini kabisa kwenye tope, kitenge kipya na yote, na kwa bahati nzuri hakuna aliyeona isipokuwa ng'ombe.

Saa saba, kwa kina Lugano. Nje palinipendeza. Nyumba ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiwa, milango na madirisha yenye kazi nzuri ya mbao. Bibi wa nyumba, mama mzazi wa yule seremala marehemu, alinipokea kwa mikono miwili huku akipiga goti kidogo, ingawa kwa umri ni mama yangu.

"Kalibu, mwe. Kalibu sana mwanangu. Ugonile?" akanijulia hali kwa Kinyakyusa.

Niliingia na salamu yangu ikanirudia kutoka ukutani. Sebule ilikuwa tupu. Sisemi ilikuwa na vitu vichache, nasema tupu. Kulikuwa na mkeka mmoja na kigoda kimoja. Nikapewa kigoda, Bibi akakaa kwenye mkeka, na Mama Lugano akakaa kizingitini. Nyumba ya maseremala, baba hadi mwana, haina kiti! Niliuma midomo nisicheke.

Chakula kilikuja, ndizi na maharage, vitamu kweli, lakini juu ya jani la mgomba. Chai nilinywea kikombe cha plastiki kisicho na mkono, na Mama Lugano alisubiri nimalize ndipo akakisuuza anywe yeye. Niliwapa zawadi zangu wakashukuru sana, na muda si muda nikaona kilo tatu za sukari na sabuni zote zinatokea mlango wa nyuma kichwani kwa binti mmoja wa nyumba hiyo. Nikasema moyoni, hawa wanauza hata zawadi ya mgeni.

Jioni alikuja Lugano mwenyewe. Kijana mrefu, mpole, nywele zimejaa vumbi la mbao na macho mekundu. Alinisalimia kwa heshima, akaomba radhi kwamba kazi ilimshika, na hakukaa. Macho yale niliyapatia jina mara moja. Nikasema, na ulevi pia upo.

Nilipokisogeza kigoda changu niliona chini yake mistari miwili iliyochomwa kwa chuma cha moto. Bibi akaniona ninavyoitazama.

"Hiyo ni alama yetu," alisema. "Na nyie viti vyenu mmevitia alama gani?"

Hapo nikapata nafasi niliyokuwa naitafuta. "Vyetu havina alama, mama," nilisema nikijinyoosha. "Alama ya nini? Vyetu havitoki nyumbani. Tangu tuvinunue havijawahi kutoka hata kimoja."

 Bibi akanishika mkono, akasema polepole, "Ndaga. Ndaga fijo, mwanangu."

Neno hilo huku kwetu ni asante, na ni pole pia, na fijo ni sana. Unalijua kwa mahali lilipotamkwa. Mimi nilidhani ananipongeza, nikaitikia kwa furaha.

Alhamisi, saa moja asubuhi. Niliamka mbavu zinauma, kwa kuwa kitanda kilikuwa kizuri mno lakini godoro halikuwapo, nililala juu ya majani ya mgomba yaliyofunikwa shuka. Jibu langu lilikuwa hapana. Nilimwonea huruma Lusia, lakini hapana. Mama Lugano alitaka kunisindikiza kwa njia ya bondeni, akisema ndiyo nzuri zaidi. Nilipoitazama niliona ni ya kuzunguka. Nikamwambia nitapita ya juu. Akasema, "Ile ina tope, mama." Nikamwambia tope tumeshajuana. Uso wake ulionyesha wasiwasi nisiouelewa.

Saa mbili, njia ya juu. Nilisikia vilio kabla sijaona watu. Kulikuwa na msiba mkubwa, uwanja umejaa, moshi wa mafiga unapanda kwenye migomba. Haiwezekani kupita msibani kama upepo, kwa hiyo nikaingia kutoa pole. Mama mmoja aliyekuwa anagawa chai akanivutia kiti. Kilikuwa kiti kizuri, mgongo umenyooka, mikono imelainishwa. Nikaweka kikapu chini, na nilipoinama ndipo nikaiona, mistari miwili ya moto kwenye mguu.

Nilitazama kiti cha jirani. Mistari miwili. Na kile cha mbele yake. Na benchi la wazee, na meza ya vyombo. Nilisimama nikaanza kuzunguka kama mtu aliyepotelewa na mtoto, na kila nilipogeuza macho ilikuwepo. Kwenye mikeka, waombolezaji waliotoka mbali walikuwa wamelalia magodoro.

"Viti hivi ni vya nani?" nilimwuliza yule mama wa chai.

"Vya kina Lugano," alisema, kama mtu anayeulizwa mvua inatoka wapi. "Na masufuria, na magodoro, na vikombe. Huku msiba ukitokea, nyumba ile hubaki na kigoda cha Bibi basi. Huyu mjane aliyefariki hakuwa na mtu. Lugano ameshinda anatengeneza jeneza jana kutwa, analia anapiga randa, analia anapiga randa, maana marehemu alisaidia kumlea alipokuwa mdogo. Kunywa chai, mama. Sukari nayo waliileta wao jana, sijui waliipata wapi."

Nilikunywa sukari yangu mwenyewe.

"Mbona hawakuniambia?" niliuliza. "Nilikuwa kwao tangu jana mchana."

Akanitazama vizuri, akaelewa mimi ni nani. "Ni wewe uliyekwenda kwa mambo ya posa? Wangekuambiaje? Umekuja kwa jambo la heri, wakupokee kwa habari ya kifo? Waliogopa utaona ni mkosi, urudi ulikotoka. Na wangesemaje, kwamba viti tunavyo ila tumewapa watu? Wale hawajisemi."

Kisha akanieleza jambo ambalo Kisondela wote wanalijua. Babu yao, yule mchuma chai, alifia kambini akiwa mgeni, na waliomzika walikuwa watu wanne wamesimama kwenye mvua, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaletea hata kiti. Mjane wake aliyabeba hayo moyoni. Mwanawe alipojifunza useremala, viti vyake vya kwanza havikuingia sebuleni. Vilikwenda msibani kwa jirani. Na huyo mjane ndiye Bibi aliyenishika mkono.

Nililia pale, na watu wakadhani namlilia marehemu. Nilimlilia pia. Lakini zaidi nilimwona babu yangu amelala juu ya majembe yake, na sisi wajukuu wake tulio na mabati na kaunta, bado tumelala juu ya mzigo. Nikakumbuka mwaka uliopita, jirani yetu wa Kyimo alipofiwa, watu walipita mbele ya geti letu na viti vichwani kutoka nyumba za mbali, na hakuna aliyebisha kwetu. Nilidhani ni heshima.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Kyimo. Nilikuwa nimekaa hadi mazishi, nikalala Tukuyu. Kaka alikuwa kwenye kaunta, na Lusia amesimama nyuma yake ameshika kitambaa cha kufutia, hafuti.

"Haya dada. Wanakalia nini?"

"Kigoda kimoja," nilisema. "Chumba kizima."

Kaka akatikisa kichwa. Lusia akageukia ukuta.

"Ngoja, sijamaliza," nikasema. "Jibu ni ndiyo. Na mahari usiongeze hata kuku. Tuombe tu wasije kwetu wao kuangalia tunakalia nini."

Niliwasimulia yote nikiwa nimesimama. Kaka ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliniacha nimalize. Kisha nikaingia sebuleni, nikavua vitambaa vyangu vyote, nikapindua kiti cha kwanza cha mninga. Chini kilikuwa kisafi kama siku kilipotoka Mbeya, na kwa mara ya kwanza usafi ule ulinitia aibu. Lusia akaleta chuma kutoka jikoni, kimewiva. Tulichoma alama ya jembe, la babu, kwenye kila kimoja.

Mwezi uliofuata palitokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akina mama walikuwa wanapita na viti kama siku zote, nikatoka getini nikawaita waje wachukue na vyetu. Waliangaliana. Mmoja, mtu mzima, aliingia akainua kiti, akakigeuza taratibu, akaliona jembe. Akakiweka kichwani.

"Ndaga," aliniambia. Safari hii ilikuwa asante.