Navanagar ya Tukuyu

Nikumbukapo siku moja ya mvua pale Tukuyu, mwanangu, huwa natamani mtu wa kumsimulia. Leo ni wewe. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mambo ya nchi za watu, nivumilie.

Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mzee Valji, Mhindi mpole aliyefiwa na mkewe, mwanawe wa pekee akiwa Uingereza. Juu ya mlango paliandikwa NAVANAGAR. Sisi Wanyakyusa tulidhani ni jina la ukoo wake, kama tulivyo na ya kwetu. Akina mama wa Masukulu wakishusha ndizi walimwamkia, "Ugonile, Mzee Nabanagali," naye akaitika. Hata kwenye msiba wa mkewe, mzee wa kanisa alisimama akatoa pole kwa ukoo wote wa Nabanagali. Valji aliinamisha kichwa, akashukuru.

Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, mitumba ikajaa sokoni. Nani tena anunue kitambaa ashonewe? Valji akamuuzia duka kijana mmoja wa Msasani ya hapo hapo Tukuyu, muuza redio, ili yeye amfuate mwanawe Uingereza.

Siku hiyo ya mvua wateja hawakuwapo. Nikamuuliza, "Mzee, hakuna hata ndugu mmoja wa huo ukoo wa Navanagar aliyebaki huku?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Fundi, miaka yote unashona chini ya hilo jina, hujui? Siyo ukoo. Ni nchi."

"Nchi gani?"

"Ya kwetu. Ilikuwa na mfalme wake, anaitwa Jam. Navanagar maana yake mji mpya. Nililetwa huku mdogo. Baadaye wafalme wakaondolewa, nchi ikaunganishwa na nyingine, na mji wenyewe sasa ni Jamnagar."

"Kwa hiyo Navanagar iko wapi?"

Akanyoosha kidole juu ya mlango. "Wanaolitaja kila siku, mimi nawajua wa hapa Tukuyu tu."

"Mbona hukutusahihisha?"

"Mngeacha kuniita."

Jioni nilimsimulia mama yangu nyumbani kule Lufingo kama kichekesho. Alikuwa anachambua maharage, hakucheka.

"Gwe mwanangu, huyo kijana atapaka rangi pale juu. Nani atamwita mzee wa watu kwa jina la kwao tena?"

"Kijana ana haki, mama. Duka kalinunua."

"Sijasema hana. Nimekuuliza wewe." Akaendelea na maharage yake, kisha akasema, "Kamsindikize. Na hao wenzako waambie maana yake, waendelee kumwita."

Niliogopa kuwaambia. Nilifikiri wataona haya, wanyamaze. Lakini asubuhi ya safari, pale stendi, nikawaambia waliokuja kumuaga. Mama mmoja wa Masukulu akatazama chini kidogo, akamkabidhi Valji chane ya ndizi. "Kumbe tulikuwa tunakuita kwa jina la kwenu," alisema. "Basi nenda salama, Mzee Nabanagali."

Wengine wakarudia, mmoja mmoja. Valji alivua miwani akaifuta, ingawa mvua ilikuwa imekatika. Sikumwona tena.

Kijana wa Msasani alipaka rangi, na sitamsema vibaya: paa lililovuja alilitengeneza, na baraza aliniachia. Kwa muda watu waliendelea kusema "tukutane Nabanagali". Halafu wakaacha, sijui lini. Mimi mwenyewe huenda niliacha.

Sasa niko Dar kwa dada yako. Wananitunza, siwezi kulalamika. Lakini nikisema "kule Nabanagali, karibu na cherehani yangu", wajukuu wanaitika "ee babu", wanarudi kwenye simu zao. Hapo ndipo ninapomwelewa yule mzee alivyokuwa akiitika kila akiamkiwa, hata wakati jina halikuwa lake.

Mwanangu, ukimsikia mzee anataja mahali ambapo hakuna mwingine anayepataja, usimwambie siku hizi panaitwa vingine. Hilo analijua kabla yako. Muulize maana ya jina hilo, kisha ulitaje naye, hata kama ulimi wako utalipindisha. Kuna mtu huishi miaka na miaka kwa kuitwa hivyo tu.

Mungu akupe njia nyeupe, na popote utakapozeekea, asikose mtu wa kukuamkia kwa jina la kwenu. Ndaga, asante kunisikiliza, mwanangu.